Mdogo wangu asomee wapi upasuaji? Sifa za kwenye kipeperushi na sifa za thieta

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mfanyabiashara wa mawese, naishi Kasulu. Mdogo wangu wa kike ni daktari, ana miaka minne kazini katika hospitali ya wilaya, na sasa amepata nafasi mbili za kusomea ubingwa wa upasuaji wa jumla. Moja ni ya chuo kikuu kwenye jiji kubwa. Kipeperushi chao kimejaa mafanikio: wahitimu wamefaulu asilimia mia, machapisho, upasuaji wa matundu madogo kwa kamera, ziara za nje. Ya pili iko kwenye hospitali ya rufaa inayofundisha kupitia COSECSA, chuo cha wapasuaji cha ukanda wetu. Wao hata kipeperushi hawana, tumetumiwa barua ya ukurasa mmoja. Ukoo mzima tunachanga. Baba anasema penye sifa nyingi ndiko. Mimi sielewi hizo sifa zinapimwaje. Tutajuaje programu iliyofanya kazi yake kweli?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Poleni na mchango, najua mawese hayatoki vizuri kila mwezi.

Sitawachagulia. Programu hizo mbili sizijui kwa ndani, na hata ningezijua, anayekwenda kukesha si mimi wala si baba. Ninachoweza ni kukusomea kipeperushi hicho jinsi mtu wa thieta anavyokisoma. Nimefundishwa, nikafundisha, na kwa miaka mingi niko huku Tabora na Kigoma nikipokea wahitimu wa sehemu mbalimbali, vyeti vyao vimefanana na mikono haifanani.

Tuanze na hiyo asilimia mia, maana ndiyo iliyomkamata baba. Uliza: mia ya wangapi? Tuseme walianza 6. Mmoja akaacha mwaka wa kwanza kwa kukosa ada, mmoja akahamia fani ya macho, wa tatu akaambiwa asubiri mwaka mwingine kwa sababu wakubwa wake waliona hajaiva. Waliokaa kwenye mtihani ni 3, wote wakapita. Hiyo ni mia kwa mia na hakuna aliyedanganya. Ila ni nusu ya walioanza. Sisemi kumzuia asiyeiva ni kosa. Mara nyingine hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote ambayo mwalimu amefanya mwaka huo. Lakini namba ile haina maana mpaka ujue walioingia mlangoni walikuwa wangapi, waliotoka na cheti wangapi, na walitumia miaka mingapi. Programu inayojiheshimu itakujibu hapohapo kwenye simu. Wakianza kuzunguka, umeshajibiwa.

Machapisho tuyapite haraka. Ni vizuri mwanafunzi wa ubingwa ajue kuandika utafiti, na mdogo wako atatakiwa kuandika wake huko aendako. Muulize tu mtu wa programu hiyo: kati ya hayo yote mliyoandika, ni lipi lilibadilisha kitu wodini kwenu? Likitajwa hata moja, linatosha.

Sasa njoo kwenye kitu ambacho hakimo kwenye kipeperushi chochote, daftari la upasuaji. Kila anayesomea fani hii, hawa tunaowaita marezidenti, anatakiwa kuandika kila operesheni aliyoingia: tarehe, ugonjwa, kilichofanyika, na yeye alikuwa nani pale mezani. COSECSA wanalo la kwenye mtandao, kwingine bado ni kalamu na karatasi. Mimi huenda moja kwa moja kwenye safu ile ya mwisho. Alitazama? Alisaidia, yaani alishika vyuma vya kupanulia jeraha na kukata uzi? Alifanya mwenyewe huku bingwa amenawa na kusimama upande wa pili wa meza? Au alifanya huku bingwa yuko jengoni tu, tayari kuitwa?

Miaka kadhaa iliyopita tulipokea kijana ambaye wino wa cheti chake ulikuwa bado mbichi. Daftari lake lilikuwa nene, operesheni zaidi ya 400. Nikakaa nalo jioni moja chini ya mwembe, na kikombe cha chai. Ngiri zilikuwa hamsini na kitu, alizofanya mwenyewe 9. Kufungua tumbo kwa dharura alikuwapo mara nyingi mno, kisu alikishika mara 3. Alikuwa na akili safi kabisa, anakutajia matawi ya mishipa ya damu ya tumbo kama mtu anayetaja stesheni kutoka hapa hadi Kigoma. Ila siku ya kwanza tulipoingia naye thieta, nikaona mikono yake inasubiri mtu mwingine aanze. Ilituchukua mwaka mzima kuiamsha, na mwaka ule ulikuwa wa wagonjwa wa Tabora, ulipaswa uwe wa chuo.

Kwa hiyo ukiambiwa hospitali yetu inafanya operesheni elfu kadhaa kwa mwaka, hizo ni sifa za hospitali. Za programu utazijua ukiuliza rezidenti wa mwaka wa mwisho kafanya ngapi kwa mkono wake, za aina gani, na mwaka wa kwanza alifanya ngapi. Hospitali kubwa yenye marezidenti wengi na mabingwa wa fani ndogondogo inaweza kuwa na njaa ya ajabu: kidole tumbo kimoja, watu wanne wamenawa. Na kinyume chake kipo, usije ukadhani namsifia mwenye barua ya ukurasa mmoja. Ipo hospitali ambayo rezidenti anashika kisu kila siku na hakuna anayemtazama. Huyo naye atamaliza na daftari zuri, kumbe amerudia kosa lilelile mara 200 na kila mara anajiamini zaidi.

Utaratibu huu wa kumpa daktari jukumu kidogokidogo huku akiishi hospitalini una historia yake. Ulipangwa hasa Baltimore, Marekani, kwenye hospitali ya Johns Hopkins iliyofunguliwa 1889, chini ya William Halsted. Neno rezidenti lenyewe maana lake ni mkazi, na walikuwa wakazi kwelikweli, wakilala hapohapo. Muda maalumu wa kumaliza haukuwapo. Tena ulikuwa mpango wa piramidi: wanaingia wengi, wanapunguzwa njiani, juu anabaki mmoja. Halsted mwenyewe alikuwa na mzigo wake, alinaswa na kokeini alipokuwa akijaribu dawa ya ganzi mwilini mwake, kwa hiyo tusimpambe sana. Lakini uliza leo programu ile ilifanikiwa kwa lipi, hakuna atakayekutajia idadi ya operesheni. Watakutajia watu: Harvey Cushing, aliyeuwekea upasuaji wa ubongo msingi, na wenzake waliotoka pale wakaenda kufundisha kwingine. Piramidi ilikuja kuachwa baada ya Edward Churchill wa Boston kuonyesha mpango mwingine, wa kuchukua idadi ambayo unakusudia kuifikisha mwisho. Ndiyo maana nimekwambia uulize walioingia ni wangapi. Piramidi bado zipo, zimevaa nguo nyingine tu.

Kuna jambo la pili ambalo halichapishwi kwenye karatasi ya kung'aa, nalo ni namna programu inavyokaa na makosa yake. Nikupe langu.

Nilikuwa mwaka wa pili, hospitali sitaitaja. Mzee mmoja, mvuvi, aliletwa na ngiri iliyokuwa imekwama siku mbili. Nikampigia bingwa wa zamu, akasema, anza, niko njiani. Nikafungua. Kipande cha utumbo kilikuwa na rangi ya zambarau iliyokolea. Sheria ya hapo ni kulegeza kilichokaba, kuufunika utumbo kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, na kusubiri. Dakika kumi za saa ya ukutani, si za moyo wako. Kisha unafunua na kutazama kama rangi imerudi, kama unang'aa, kama mishipa yake inadunda, kama ukiugusa unajongea. Mimi nilisubiri kama dakika 4. Rangi ilirudi kiasi, nikajiambia inatosha, nikaurudisha tumboni. Siku ya tatu tumbo la mzee likawa gumu kama ubao. Tukamrudisha thieta, kipande kikakatwa, akapona. Lakini alilala wodini wiki 6, na mtumbwi wake uliuzwa.

Alhamisi kesi ikapelekwa kwenye kikao cha madhara na vifo. Nilikwenda nikijua ni siku ya kuchinjwa. Kabla sijafika mbele bingwa akasimama, akasema wa kwanza kukosea ni yeye aliyeniambia nianze wakati yeye yuko barabarani. Kisha akanigeukia, akaniuliza zilikuwa dakika ngapi. Nikasema 4. Hakunisuta. Akaandika ubaoni 4, na pembeni yake 10, akaacha hivyo hadi kikao kikaisha. Wiki ileile utaratibu ukabadilishwa: dharura ya rezidenti wa mwaka wa kwanza na wa pili, bingwa awe ndani ya jengo kabla ngozi haijaguswa. Ukaandikwa, ukabandikwa karibu na masinki ya kunawia. Nimekuwa bingwa miaka mingi sasa, na bado nikifunika utumbo natazama saa.

Muulizeni basi mtu wa programu: kikao hicho mnacho? Mabingwa wenyewe wanahudhuria, au wanawaachia vijana wasutane? Na jambo la mwisho mlilolibadilisha baada ya kikao ni lipi? Hili la mwisho ndilo linalomaliza mchezo. Mwenye kikao cha kweli atakutajia kitu kidogo, cha aibu kidogo, cha mwezi uliopita. Mwenye kikao cha karatasi atakwambia tunazingatia ubora.

Na msidhani mambo ya namna hii ni ya nchi tajiri. Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza ile orodha ya usalama wa upasuaji, inayosomwa kwa sauti kabla ya ganzi, kabla ya kisu na kabla mgonjwa hajatoka thieta, liliyajaribu matumizi yake kwenye hospitali 8 za miji 8 duniani. London ilikuwamo, Seattle ilikuwamo, na Ifakara yetu ilikuwamo. Matokeo yalitoka 2009: kwa jumla ya hospitali hizo, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara kutoka asilimia 11 hadi 7. Karatasi moja, watu wanataja majina yao na kuulizana kama damu ipo. Mdogo wako akienda kutembelea sehemu hizo, asimame pembeni atazame kama orodha inasomwa kweli au inatiwa vema baada ya operesheni kwisha. Atajua ndani ya nusu saa.

Sasa swali ambalo mimi nalipa uzito kuliko yote: wahitimu wako wapi, na wanafanya nini?

Hapa inabidi nieleze COSECSA kidogo, maana naona baba ana wasiwasi kwamba si chuo. Ni Chuo cha Madaktari Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa 1999, makao yake Arusha. Wenyewe hujiita chuo kisicho na kuta. Daktari anasoma akiwa kazini kwenye hospitali iliyokaguliwa na kukubaliwa, miaka 2 ya kwanza ya msingi, kisha 3 ya upasuaji wa jumla, na mtihani ni mmoja kwa nchi zote wanachama. Mtu wa Malawi na mtu wa Tanzania wanakutana na maswali yaleyale, na anayewasikiliza kwenye mtihani wa mdomo si lazima awe mwalimu wao. Hilo lina faida yake: mwalimu hawezi kumpitisha mwanawe kwa huruma. Shahada ya uzamili ya chuo kikuu nayo ina yake: maktaba, maabara, walimu wa fani nyingi mahali pamoja, na ajira ya ualimu inakuwa rahisi baadaye. Zote mbili zimetoa wapasuaji wazuri na wabovu.

Watu husema ukimsomesha daktari bingwa ataruka kwenda Ulaya. Kwa wapasuaji wa ukanda wetu haiko hivyo. Utafiti uliochapishwa 2017 uliwafuatilia wahitimu 1,038 waliomaliza kati ya 1974 na 2013 katika nchi ambazo sasa ni za COSECSA, ukakuta asilimia 85.1 bado wako kwenye nchi waliyosomea, na asilimia 93.4 wako Afrika. Haya ni mafanikio makubwa ya mafunzo ya hapa nyumbani na sielewi kwa nini vipeperushi haviyasemi. Tatizo liko mahali pengine. Utafiti mwingine wa 2016 ulihesabu wapasuaji 1,690 katika ukanda huo, yaani 0.53 kwa kila watu laki moja, na asilimia 64 yao walikuwa wanafanya kazi katika jiji kuu la biashara la nchi yao. Hawajaruka kwenda Ulaya. Wameishia Dar es Salaam.

Chukua Kigoma yenu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 2.5. Kwa wastani huo wa 0.53 mkoa ungepaswa kuwa na wapasuaji 13. Tume ya jarida la tiba la Lancet ya 2015 ilipendekeza wataalamu 20 kwa watu laki moja ukijumlisha wapasuaji, mabingwa wa usingizi na wa uzazi. Kwa Kigoma hao ni karibu 500. Huku kwetu mabingwa tunajuana kwa majina, tunajuana hadi na rangi za pikipiki. Kwa hiyo programu ikiniambia imetoa mabingwa 40, mimi nauliza wangapi wako ng'ambo ya Dodoma.

Mwaka juzi saa nane za usiku simu yangu ililia. Alikuwa binti aliyemaliza mafunzo miezi michache kabla, yuko peke yake hospitali ya mkoa mmoja wa huku. Mtoto wa miaka 9, homa ya matumbo, utumbo umetoboka. Tumbo ameshalifungua, ameshaliosha, ametoboa glovu moja na kubadilisha. Matundu ni mawili, yako karibu karibu, na utumbo wa kati yake haupendezi. Hakuniuliza afanyeje. Alisema, nimefikiri kukata kipande hiki na kuunganisha, lakini mtoto shinikizo limeshuka na mtoa usingizi hafurahii, naona nitoe utumbo nje kwanza niunganishe baadaye. Unaonaje? Nikamwambia sioni tofauti na wewe. Simu ilikuwa ya dakika mbili. Mtoto aliunganishwa utumbo baada ya miezi miwili.

Nilimjua mwalimu wa binti yule kwa ile simu. Alifundishwa kufungua tumbo, hilo ni sawa. Lakini pia alifundishwa kumsikiliza mtoa usingizi, kuchagua operesheni ndogo mgonjwa akiwa dhaifu, na kupiga simu bila aibu wakati tayari ana jibu lake. Nimewahi kuwapokea wengine waliofundishwa kwamba kupiga simu ni kushindwa, na wagonjwa wao niliwakuta wamechelewa.

Tukiwa Kigoma hapohapo, mwambie baba habari ya Godfrey Mbaruku, kama haijui. Alikuwa daktari wa uzazi hospitali ya mkoa wa Kigoma miaka ya themanini. Wakati huo vifo vya akina mama wazazi hospitalini hapo vilikuwa 933 kwa kila vizazi hai laki moja. Kati ya 1984 na 1991 vilishuka hadi 186. Hakuletewa jengo jipya. Walikaa chini wakapitia vifo kimoja kimoja, wakauliza kilichoviua, kisha wakarekebisha yaliyo ndani ya uwezo wao, hatua zaidi ya 20: vifaa, damu, namna ya kufanya kazi, ari ya watumishi. Aliyachapisha yeye na mwenzake 1995, na watu wa uzazi duniani wanayataja hadi leo. Daktari mmoja aliyefundishwa kutazama vifo bila kuvionea haya anaweza kubadilisha mkoa.

Na msisahau nani anashika kisu huku siku zote. Ni madaktari wasaidizi. Utafiti uliotoka 2009 ulipita hospitali 14 za mikoa ya Mwanza na Kigoma, ukakuta sehemu kubwa ya upasuaji wa uzazi ilifanywa na wao, na matokeo yao hayakuwa na tofauti ya maana na ya madaktari wenye shahada. Bingwa anayekuja mkoani akiwadharau hafiki mbali. Anayekuja akawafundisha, akashika simu yao usiku, anazidisha mikono. Ndiyo maana programu inayowapeleka marezidenti wake miezi kadhaa kwenye hospitali za mikoa naipa alama nyingi, na hasa ikiwa wanapelekwa na mtu wa kuwasimamia, wasitumwe tu kuziba pengo.

Upasuaji wa matundu madogo ni mzuri, mgonjwa anapona upesi, na sitaki nionekane mzee anayechukia mashine. Ila mashine ile inataka gesi, umeme usioyumba na fundi. Tume niliyoitaja ilichagua operesheni tatu kama kipimo cha hospitali: kufungua tumbo, upasuaji wa kujifungulia, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoka nje. Kwa bodaboda za Kasulu hiyo ya tatu peke yake itamjaza mdogo wako mikono. Aulize atazifanya hizo tatu mara ngapi. Matundu madogo anaweza kuanza kujifunza kwenye ndoo ya plastiki iliyotobolewa, simu ndani ikiwa kamera, na maganda ya chungwa. Nimeona marezidenti wakifanya hivyo na mikono ikatulia.

Ziara za nje sina la kusema. Zina picha nzuri.

Kwa kuwa ni binti, lipo la ziada. Utafiti ule wa 2016 ulikuta wanawake ni asilimia 9 tu ya wapasuaji wa ukanda wetu. Aulize wanawake wangapi wameingia programu hiyo na wangapi wamemaliza, na aliyepata ujauzito katikati alifanyiwa nini. Asimuulize mkuu wa idara. Amuulize rezidenti wa kike, wakiwa wawili, nje ya ofisi. Chumba cha kulala wakati wa zamu ya usiku nacho akitazame, kama kina komeo.

Fedha mnazijua wenyewe. Angalizo langu ni moja: kama ameajiriwa serikalini, apate ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla hamjalipa hata senti, na asome mkataba wa kurudi kazini unasema miaka mingapi. Kwenye njia ya COSECSA aulize kama hospitali itamwajiri au atakuwa anajitolea, kwa sababu miaka 5 bila mshahara inawamaliza watu wazima.

Sasa fanyeni hivi. Kila programu iwape namba za wahitimu wawili wanaofanya kazi mikoani, si wale waliobaki chuoni. Wapigieni baada ya saa mbili usiku, mchana wako thieta. Mwache mdogo wako aongee mwenyewe, wewe na baba msikilize tu. Awaulize usiku wao wa kwanza wakiwa peke yao walimpigia nani, na kama alipokea.

Wakati mnasubiri majibu, aanze kufunga mafundo. Uzi wa kushonea magunia na mguu wa kitanda vinatosha, mkono wa kulia 100, wa kushoto 100, kila usiku. Mimi niliyekuwa nalala naye chumba kimoja alihama.